Ubeti wa Shangazi

Shangazi yangu aliachika mwaka niliotimiza miaka 11. Alirudi nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na bahasha ambayo hakumwonyesha mtu. Baba alimpokea mlangoni, akampa chumba cha uani, na habari ikaishia hapo. Mtaa mzima ulijua. Lakini kwetu talaka ya mwanamke haisemwi mbele yake. Husemwa akishapita, na yeye huisikia kwa namna mazungumzo yanavyokatika akitokea bombani. Eda nzima nilimwona akisuka ukili, akikuna nazi, akiitikia salamu kwa kichwa. Sikumsikia akimlaumu yule bwana hata siku moja. Kulia pia sikumsikia.

Eda ilipokwisha palitokea arusi mtaa wa pili, akaniambia twende nikamshikie pochi.

Ilikuwa taarab ya wanawake, ya usiku. Maturubai yamefungwa kwenye mwembe, mikeka imetandikwa, na wanaume pekee waliokuwemo ni wapigaji. Shangazi alikaa nyuma kabisa, amejitanda kanga mpya, ya kwanza kuinunua tangu arudi. Nyimbo tatu zilipita hakutikisa hata bega. Ya nne ilikuwa ya taratibu, na mwimbaji alipofika kwenye ubeti unaomsema mtu aliyetupa kito akidhani kokoto, shangazi alisema bila kunitazama: "Nipe ile."

Ilikuwa noti ya shilingi 500. Aliikunja kwa urefu, akaikunja tena, ikawa nyembamba kama ukili wake. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, akainuka. Kwenye taarab mtu hatembei kama aendaye dukani. Unakwenda kwa hatua ndogo ndogo, mabega yakifuata kinanda, mkono wenye noti juu, na uso hauelekei kwa mwimbaji, unaelekea kwa waliokaa. Wifi yake, dada wa yule bwana, alikuwa kwenye mkeka wa kushoto. Shangazi hakumtazama. Alipita tu mbele yake, taratibu, kisha akasimama katikati na mkono wake juu.

Mwimbaji aliona. Akawaashiria wapigaji, akaurudia ubeti ule ule tangu mwanzo.

Hapo akainuka mama mwenye arusi. Akafuata jirani yetu ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akigeuza njia akimwona shangazi. Akainuka bibi mmoja muuza vitumbua, akainuka mwalimu wangu wa madrasa, mwanamke ambaye sikuwahi kudhani ana mabega. Ubeti uliporudiwa mara ya tatu kulikuwa na mstari wa wanawake wapatao kumi nyuma ya shangazi, kila mmoja na noti yake, kila mmoja akiwa na sababu yake. Vigelegele vikapasua turubai. Na mwisho wa mstari, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka, alikuwepo wifi.

Njiani nilimuuliza shangazi: wifi alikuwa anakujibu, au alikuwa upande wako? Alitembea kidogo, kisha akasema: "Ametunza. Mwenye kutunza haulizwi."

Nimekaa na jibu hilo karibu miaka 30. Nimesoma maandishi mengi kuhusu harakati za wanawake, nimekaa kwenye mikutano, nimeandika mwenyewe kurasa nyingi, na bado ninapotafuta mahali nilipouona mshikamano wa wanawake kwa macho yangu, ninarudi chini ya turubai lile.

Kwa asiyejua kutunza (wengine husema kutuza), inaonekana kama kumpa mwimbaji bakshishi. Pesa ni sehemu ndogo. Anayetunza anauchukua ubeti na kuufanya wake mbele ya watu. Mwenye kuutunga huenda ni mwanamume, na mara nyingi huwa hivyo, kwa kuwa mashairi mengi ya taarab, hata yanayoimbwa na wanawake, yametungwa na wanaume. Haidhuru. Mshairi ameweka fumbo, mwimbaji ameweka sauti, na maana inakuja pale mwanamke fulani anapoinuka kwenye mstari fulani na watu wakajua kwa nini. Na kesho yake asubuhi hakuna wa kumshtaki. Hakutamka neno. Wimbo ni wimbo tu, mtunzi hamjui, mwimbaji hana habari naye, yeye katunza. Adabu imehifadhiwa, na ujumbe umefika mpaka nyumba ya mwisho.

Kuna watu wanaoona huu ni uoga, kwamba mwanamke aliyekombolewa angesema waziwazi. Mimi naona wanaosema hivyo hawajawahi kuishi mahali ambapo kusema waziwazi kunakupotezea chumba cha uani. Fumbo ni ufundi wa watu wasioweza kuhama. Na ukilitazama vizuri, lina jambo ambalo kusema waziwazi hakuna: linawaachia wengine nafasi ya kuingia. Shangazi angesimama na kutangaza, "Nimeachwa kwa dhuluma," wale kumi wangelazimika kuchagua kati yake na wakwe, kati yake na jirani, kati yake na heshima ya mwenye arusi. Aliposimama na ubeti, kila mmoja aliweza kuinuka na lake. Hata wifi.

*

Wa kwanza kuitumia sauti namna hii mbele ya umma mkubwa ni Siti binti Saad. Watu wanamtaja sana kama mwimbaji na kumsahau kama mwanamke aliyeamua. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akivipeleka mjini kwa miguu na kuvinadi mitaani, na ndiko sauti yake ilikokomaa. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya kasri la sultani na nyumba za wenye nazo, tena kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na akaiimba Ng'ambo, mtaa wa watu wa kazi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikasambaa pwani yote. Mtoto aliyeitwa Mtumwa akafa mwaka 1950 akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Na mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao, TAMWA, jarida lao walilipa jina Sauti ya Siti. Wangeweza kulipa jina la mwanasiasa au la mwanazuoni. Wakachagua muuza vyungu aliyeimba.

Ninaelewa kwa nini, kwa sababu ya wimbo mmoja hasa, ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, alitolewa usiku kwenda kujistarehesha, akabakwa na kuuawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Wanawake waliokuwa naye walipokwenda mahakamani kueleza yaliyotokea, kesi ikawageukia wao kwa habari ya pombe. Muuaji yuko huru ng'ambo ya maji, mashahidi wa kike ndio wanaoadhibiwa. Siti akauchukua mkasa huo, akauimba, na wimbo ukabebwa na watu.

Soma tena kisa hicho, kisha fungua habari za wiki hii. Mwanamke akidhurika huulizwa alikuwa wapi, saa ngapi, na nani, alikunywa nini. Siti hakuwa na mwanasheria wala gazeti. Alikuwa na waliokuja kumsikiliza usiku, na wanawake waliokwenda nao wimbo kisimani, sokoni, kwenye ngoma nyingine, mpaka jina la yule mtu likawa jina la aibu. Mahakama ilishindwa kumfikia Kijiti. Wimbo ulimfikia, na haujamwachia mpaka leo.

*

Watu wa bara wanapotusikia wa pwani tukizungumza hivi hudhani tunaikuza burudani. Basi nitaje Bibi Titi Mohamed. Kabla ya kuwa jina la barabara Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, kilipotakiwa kuonyesha wanawake wake wako wapi, kikaangukia kwake. Hakuanza kwa kutembeza karatasi. Wengi wa aliowataka hawakuwa wamesoma. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, wanawake ambao tayari walikuwa na wanachama, na mchango wa kila juma, na desturi ya kuitana kwa haraka mtu akifiwa. Kiongozi wa ngoma akikubali, kundi zima linakuja naye. Ndani ya miezi michache ya mwaka huo wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Tunasimuliwa kwamba wanawake "walihamasishwa" kuingia siasa. Mimi nasema siasa iliingia nyumba ya ngoma ikakuta shughuli imeshapangwa. Lelemama za Mombasa, vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa vikishindana kwa nyimbo na mavazi kiasi cha kugharimu mali, na vyama hivyo hivyo vilikuwa vikizika na kufariji. Mashindano na huruma vililala mkeka mmoja. Kijana anayeona leo kina mama wameshona sare ya kanga moja kwa ajili ya arusi anadhani ni mapambo. Aulize nani alikusanya pesa, nani alimlipia asiye nazo, na kwa nini yule mwenye deni la mwaka jana bado amepewa doti yake.

Sasa nifike penye ugumu, kwa sababu siwezi kuandika haya kana kwamba wanawake wakiimba ni malaika watupu.

Vijembe vingi vya taarab vinalengwa kwa wanawake. Mke mwenza, jirani mwenye kijicho, shoga aliyechukua bwana wa mwenzie. Miaka ya tisini, Dar es Salaam iligawanyika kati ya makundi mawili ya taarab, TOT ya mwimbaji Khadija Kopa na Muungano ya mwimbaji Nasma Khamis Kidogo, na watu walijaza kumbi kusikiliza nani kampasha nani. Nilipenda nyimbo zile kwa moyo wote. Nilizijua zote. Na nilipofika chuo na kuanza kusoma habari za wanawake nilizionea haya, kwa sababu niliona wanawake wawili wakichomana maneno wakati mwanamume anayegombewa yuko nyumbani anakunywa chai. Nilimwambia mama hivyo. Akaendelea kuchambua mchele, halafu akaniuliza: "Na wewe ungetaka tugombane wapi?"

Swali hilo lilinikasirisha wakati ule. Leo naliona lina uzito. Wanawake hugombana, kama watu wote, na ugomvi wao kwa kawaida hupelekwa kwa wanaume kuhukumiwa: kwa mume, kwa kaka, kwa mjumbe, kwa kadhi. Ukumbi wa taarab ni mahali ambapo ugomvi wa wanawake unahukumiwa na wanawake, kwa sheria za ufundi. Ukitukana, umeshindwa. Ukipigana, umeaibika. Anayeshinda ni aliyengoja ubeti wake, akainuka wakati wake, akavaa vizuri, akacheka. Sisemi hili linaondoa sumu yote. Nimeona mke mdogo akilizwa na mpasho, na sitasahau alivyoinama. Na bado hainipendezi kwamba bwana hatajwi. Lakini siwezi tena kusema kwamba penye ugomvi mshikamano haupo. Nimeona wawili waliopashana arusi nzima wakishika sufuria moja la pilau, huyu mkono huu na yule mkono ule, asubuhi ya siku ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo muziki wetu umelifanya bila kulitangaza, na hapa namkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 17, 2013. Dunia ilimjua kwa taarab na ikampa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005. Nyumbani alikuwa vilevile kungwi wa unyago. Ngoma ya unyago, na msondo wake mrefu, huchezwa wanaume wakiwa mbali, na nyimbo zake zinafundisha mwili: nini ni chako, nini kinakustahili, nini usikubali. Vitabu vya shule vilikuja kutufundisha uzazi kwa michoro ya mirija. Makungwi walifundisha kwamba mwanamke naye anatakiwa kufurahi, na walifundisha kwa kuimba, bibi wa miaka 80 akikata kiuno mbele ya mwari wa miaka 16. Yapo katika unyago yaliyofunza utii mwingi kuliko ninavyotaka, sikatai. Lakini nitajie mahali pengine ambapo msichana alisikia kutoka kwa bibi mzima kwamba raha ni haki yake.

Kwa miaka mingi lakini, hata katika taarab, wanawake walipewa kuimba na kuitikia, na ala zikabaki mikononi mwa wanaume, kama zilivyokuwa usiku ule chini ya mwembe wetu. Unguja, mwaka 2009, mwanahabari Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, kuanzia fidla hadi udi. Mara ya kwanza kuwaona jukwaani sikusikiliza wimbo wa kwanza kabisa. Nilikuwa natazama vidole. Mwanamke mwenye buibui, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, imelala mapajani mwake, anakaza uzi, anaugonga, anatega sikio, anakaza tena, bila haraka, wakati watu wamekaa wanamngoja. Mikono yangu ilikuwa baridi. Nimezoea kuona wanawake wakingoja wanaume wamalize kulinganisha ala.

*

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye semina ya siku mbili kuhusu ukatili wa kijinsia. Wawezeshaji walikuwa hodari na nia yao njema, na ninaheshimu kazi hiyo. Siku nzima ya kwanza kina mama thelathini hivi walikaa kimya. Waliulizwa, "Nani ana uzoefu wa kutushirikisha?" Wakatazama sakafu. Mchana, kwenye wali, mmoja wao, muuza samaki, alifungua taarab kwenye simu yake na kuiweka mezani. Wimbo wa zamani, wa mwanamke aliyevumilia. Watatu wakaanza kuitikia kiitikio. Aliyekaa karibu nami akasema taratibu, kama anayemwambia bakuli lake: "Huu ulipotoka nilikuwa nimevunjwa mkono." Mwenzake akamjibu: "Wangu alikuwa hapigi. Alikuwa haachi hela." Chakula kikapoa. Hatukurudi ukumbini kwa wakati, na mwezeshaji, Mungu ambariki, alikuja akavuta kiti akakaa nasi.

Sijui namna ya kuliandika hilo kwenye ripoti. Swali la semina liliwataka waseme "mimi". Wimbo ulikuwa umeshasema "mimi" kwa niaba yao, wakabaki na kazi nyepesi zaidi ya kusema "hata mimi".

*

Mwaka jana binamu yangu aliolewa, Tanga, uwanja ule ule, ingawa mwembe ulishakatwa. Shangazi sasa ana miaka 70 na zaidi, magoti yamekataa, akawekewa kiti mbele. Nilikaa kwenye mkeka miguuni pake. Niseme kwamba maisha yangu yote sijawahi kutunza. Nimetazama, nimeandika, nimeeleza wengine maana yake. Nilikuwa mshika pochi. Na mwaka ule na mimi nilikuwa na langu, ambalo sikumwambia mtu pale nyumbani na hapa pia sitaliandika.

Katikati ya usiku shangazi alinigusa bega, akanipa noti. Ilikuwa imeshakunjwa kwa urefu, mara mbili.

"Nipelekee," alisema. "Magoti yangu hayawezi."

"Ubeti upi, shangazi?"

"Utaujua."

Nikangoja, nimeishika kwa ncha za vidole viwili. Mwimbaji alikuwa msichana mdogo, ana sauti ya kukwaruza kidogo. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, nikamtazama shangazi, hakutikisika. Wa tatu ulipoanza nilijikuta niko juu ya mkeka, mkono umepanda wenyewe, mabega yanakwenda, na sioni vizuri kwa machozi. Nilipofika katikati niligeuka nimwone kama ndio ubeti aliokuwa akiutaka.

Alikuwa amefumba macho, anaitikia. Hakuwa amenipa ishara yoyote. Msichana akawaashiria wapigaji, akaurudia ubeti tangu mwanzo, na nyuma yangu nikasikia mikeka ikilia, wanawake wanainuka.